Dondoo muhimu: Kalkulasi ya mwaka wa kwanza, kutoka Maseno hadi Bondo

Kanuni za kutafuta derivativu ulizikariri kwa ajili ya KCSE. Chuoni, uwe Maseno au Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, utaulizwa maana yake.

• Anza na ziwa. Chora grafu ya kimo cha maji dhidi ya wakati. Mvua za mwisho wa 2019 zililiinua Ziwa Victoria, na kufikia Mei 2020 likaipita rekodi ya 1964. Maji yakaingia hadi kwenye majengo ya ufuo wa Dunga. Mteremko wa grafu hiyo ndio derivativu: chanya maji yakipanda, hasi yakishuka. Sasa tazama kileleni. Ziwa limejaa kuliko wakati wowote, na derivativu ni sifuri! Kimo ni kitu kimoja, kasi ya kubadilika kwake ni kingine, na hapo ndipo wengi huanguka.

• Limiti ishike kwa kikokotoo kabla ya alama. Chukua y = x². Mteremko kati ya x = 3 na 3.1 ni 6.1, hadi 3.01 ni 6.01, hadi 3.001 ni 6.001. Unaona inakoelekea.

• Kanuni ya mnyororo: derivativu ya (3x + 1)⁵ ni 15(3x + 1)⁴, si 5(3x + 1)⁴. Ile 3 ya ndani husahaulika mno.

• Wahandisi, andikeni vipimo: sentimita kwa siku, si namba tupu.

• Jibu likigoma, kagua aljebra kwanza. Mara nyingi kalkulasi haina kosa.