Umelima tangawizi miaka yote, mbona aleji inakuja leo?

Swali hili nimeulizwa na zaidi ya mmoja kule Mamba Miamba: "Bwana shamba, nimekulia kwenye tangawizi. Iweje sasa hivi nikisaga napiga chafya na kifua kinabana?"

Wengi tunadhani mzio, yaani aleji, mtu anazaliwa nao. Hapana, mwili hujifunza. Mara za mwanzo unavuta vumbi na hakuna kinachotokea, ila kinga ya mwili inaweza kuliona vumbi hilo kama adui na kutengeneza kingamwili ziitwazo IgE. Hizo zinakaa puani, kwenye ngozi na mapafuni zikisubiri. Ukilivuta tena, mwili unamwaga kemikali iitwayo histamini: macho yanawasha, pua inachuruzika, kifua kinabana. Kujifunza huko kunaweza kuchukua miezi au miaka, kwa hiyo ukisema "mimi nimeshazoea" bado hujajikinga.

Halafu angalia kipimo. Bibi yako alitwanga tangawizi ya chai. Wewe unasaga magunia, mashine iko ndani ya chumba chenye dirisha moja. Zao ni lilelile, vumbi si lilelile.

Hata mkonge uko hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wafanyakazi wengi wa mkonge hapa Tanzania wana IgE dhidi ya mkonge. Kuwa nazo hakumaanishi tayari unaumwa, lakini mlango umeshafunguliwa.

Sasa, vumbi la tangawizi au pilipili linamkohoza yeyote, hata asiye na aleji. Utatofautishaje? Andika kwenye daftari lako la shamba: dalili zinaanza lini, zinaisha lini. Zikipungua ukikaa siku mbili tatu bila kusaga na kurudi ukiwasha mashine, nenda kituo cha afya na daftari hilo, mweleze daktari kazi yako. Usisubiri msimu uishe. Pumu ya kazini ikigundulika mapema na vumbi likapungua, nafuu ni kubwa. Ukiendelea kulivuta, inaweza kubaki hata ukiacha biashara.

Mashine itoe nje, chini ya paa lililo wazi, usimame upande upepo unakotoka. Usifagie pakavu, nyunyiza maji kwanza. Kitambaa au khanga mdomoni havizuii vumbi laini. Nunua barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni. Ni gharama, najua, lakini iweke kwenye hesabu kama unavyoweka dizeli.

Wafugaji wa nyuki, kwenu ni hatari zaidi. Kuvimba pale ulipoumwa ni kawaida. Lakini ukitoka vipele mwili mzima, koo likabana au ukapata kizunguzungu, hiyo ni dharura: hospitali saa hiyohiyo, unahitaji sindano ya adrenalini. Hata kama umeumwa mara mia bila shida, usiende mzingani peke yako, na simu iwe na chaji.