Kufundisha Maana ya Chaguo-Msingi katika Utafutaji wa Habari

Utangulizi

Mtoto anapoandika neno katika kivinjari cha kompyuta, injini ya utafutaji humletea majibu papo hapo. Ni nadra ajiulize ni nani aliyemwekea injini hiyo. Injini iliyowekwa tangu mwanzo huitwa chaguo-msingi. Yafaa mwalimu aelewe jambo hili kwanza, ndipo aingie darasani.

Maelezo ya Somo

Tuchukue mfano wa Firefox, kivinjari cha Mozilla ya Marekani. Programu hiyo hutazama mambo mawili: lugha iliyowekwa, na nchi ambamo kompyuta imo. Nchi hutambuliwa kwa anwani ya intaneti ya kompyuta hiyo. Kisha hufuata orodha ya watengenezaji, inayoonyesha injini ya kila eneo.

Katika kuandaa orodha hiyo, mikataba ya fedha ina nguvu kubwa. Novemba 2014 Mozilla ilitangaza kuweka Yahoo kwa Marekani, Yandex kwa Urusi na Baidu kwa China. Novemba 2017 Marekani ilirudishiwa Google. Aidha, katika kesi iliyosikilizwa Marekani mwaka 2023 ilibainika kwamba Google ililipa dola bilioni 26.3 katika mwaka 2021 ili iwe chaguo-msingi katika vivinjari na simu. Gharama hiyo hukubaliwa kwa kuwa watu wengi hawabadili wanachokikuta.

Hatua za Kufundisha

1. Waulize wanafunzi ni nani aliyechagua injini wanayoitumia. Waache wakisie.

2. Watafute neno moja kwa injini mbili, waandike majibu matano ya kwanza ya kila injini, kisha walinganishe.

3. Wafungue mipangilio ya kivinjari, wabadili chaguo-msingi, halafu walirudishe.

Pasipo na kompyuta za kutosha, mwalimu anakili majibu hayo katika bango kabla ya kipindi.

Hitimisho

Mtoto asiyejua kwamba amechaguliwa huliona jibu la kwanza kuwa ndilo jibu pekee. Somo litakuwa limefaulu iwapo ataweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba injini aliyoikuta imewekwa na wengine kwa sababu zao, na kwamba yeye anaweza kuibadili.

Zoezi kwa Wanachuo

Andaa andalio la kipindi kimoja juu ya mada hii kwa darasa lisilo na kompyuta.