Kijito Chako Ki Hai au Kimekufa?

Wakulima wengi huyahukumu maji kwa macho tu. Yakiwa meupe husema ni mazuri, yakiwa na tope husema ni mabaya. Lakini kijito chenye tope baada ya mvua chaweza kuwa kizima, na kijito king'aacho kama kioo chaweza kuwa kimekufa. Katika somo hili utajifunza kukipima kijito kinachopita shambani mwako, na karibu vyombo vyote unavyo nyumbani.

Wenzetu wa visiwani hawana vijito. Wao huteka visimani, na mji wa Lamu hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Ninyi mliopewa mashamba bara, upande wa Mpeketoni na Witu, mnavyo vijito vya msimu, navyo vina kazi kubwa kuliko umbo lake. Ziwa Kenyatta hutegemea mvua na maji yanayotiririka kutoka nchi inayolizunguka. Katika ukame wa 2016 na 2017 ziwa hilo lilikauka, na viboko wakafa. Mvua hatuiamuru, lakini udongo, samadi na dawa ziingiazo majini hutoka mashambani mwetu.

Usipime siku ya mafuriko, maana maji ya nguvu huwazoa wadudu wote. Ngoja wiki kadhaa baada ya kijito kuanza kutiririka, na mvua kubwa ikiwa imetulia. Chukua beseni jeupe, chujio au kipande cha chandarua kikuukuu kilichofungwa kwenye mti, na chupa ya kioo. Vaa viatu vya mpira, kwani konokono wa maji yaliyotulia waweza kuleta kichocho. Mahali penye mamba au kiboko usiingie hata kidogo. Hakuna mdudu mwenye thamani ya mguu wako.

Kwanza tazama kingo. Je, zina miti na majani, au zimelimwa hadi majini? Kisha jaza chupa na uweke gazeti hili nyuma yake. Usipoweza kusoma maandishi, kuna udongo mwingi majini. Hiyo ni habari ya leo tu. Habari ya wiki zilizopita wanayo wadudu, kwa sababu wao hukaa majini usiku na mchana, na lolote lililopita limewapitia.

Vijito vyetu ni vya mchanga, mawe ni machache. Kwa hiyo pitisha chujio kwenye mizizi ya ukingoni, nyasi zilizozama na majani yaliyooza chini. Mwaga ulichopata katika beseni lenye maji kidogo, ungoje kimya. Baada ya dakika chache utaona vitu vinatembea.

Mtafute kwanza mdudu mdogo mwembamba mwenye miguu sita, na mkiani nyuzi mbili au tatu. Ubavuni ana vijani vyembamba vinavyotikisika. Hivyo humfanyia kazi ya matamvua ya samaki. Yeye huvuta hewa iliyomo ndani ya maji, na hewa hiyo ikipungua hufa mapema. Ukimpata, pamoja na kamba wadogo, kaa na wana wa kereng'ende, kijito chako ki hai.

Sasa tuseme humpati, bali umepata minyoo myekundu mingi. Wekundu ule ni damu ishikayo hewa vizuri, ndiyo maana minyoo hiyo huishi pale wengine wanaposhindwa. Hii ni dalili ya samadi, choo au takataka: vijidudu vinavyoziozesha vimeimaliza hewa ya maji. Wala usidanganywe na viluwiluwi vya mbu. Hao hupanda juu kuvuta hewa yetu sisi, kwa hiyo wingi wao hausifu maji.

Dalili ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo hufichwa na uzuri. Maji ni meupe, hayanuki, lakini beseni ni tupu. Kamba na wadudu wametoweka, labda wamebaki konokono. Hapo ushuku dawa ya wadudu. Dawa inayoua funza wa pamba haichagui. Bomba moja likioshwa kijitoni laweza kuua kila mdudu kwa masafa marefu.

Kumjua mkosaji, pima mahali pawili: juu ya shamba na chini yake. Juu wakiwa wengi na chini hakuna, jambo limetokea katikati. Juu pia pakiwa patupu, usimlaumu jirani wa chini. Pandeni pamoja mkatazame.

Kipimo cha namna hii si mchezo wa watoto. Wataalamu wa Afrika Kusini wana chao, na Tanzania wana chao kiitwacho TARISS, vyote kwa kuhesabu wanyama wadogo wa majini. Hata hivyo hakikuambii kwamba maji yanafaa kunywewa. Maji ya kunywa yachemshwe.

Bomba lioshwe shambani, mbali na kijito na kisima, na maji yake yanyunyizwe juu ya mimea ile ile iliyotiwa dawa. Ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja. Ukingo uachwe na nyasi na miti: kanuni za maji za mwaka 2006 ziliweka nafasi isiyolimwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande. Najua mita 6 za ardhi ya mtama au mahindi si kidogo kwa mwenye shamba dogo. Waweza kukata majani ya mifugo hapo, bila kung'oa mizizi.

Andika katika daftari tarehe, mahali na wadudu uliowaona, kisha upime tena msimu ujao mahali pale pale. Ukienda kwa afisa wa kilimo kulalamika, mpelekee daftari hilo pamoja na chupa.