KUAGA KWA MWALIMU ALIYETOKA MBALI

(Somo la kujifunza pamoja. Soma kwanza: Matendo ya Mitume 20.17-38)



Mwaka wa masomo ukiisha, kuna walimu wanaotuaga. Wengine walitoka inchi ingine, wengine Goma ao Bukavu. Tunaimba, tunapika, tunatoa zawadi, hotuba zinakuwa ndefu. Ile yote ni nzuri. Lakini tujiulize: kesho yake, kinabaki nini?

1. Paulo anatoa hesabu

Paulo, mtu wa Tarso, alifundisha Efeso muda wa miaka 3. Akiwa njiani kwenda Yerusalema alifika Mileto, akawaita wazee wa Efeso. Kwanza aliwakumbusha namna alivyoishi kwao: hakuwaficha fundisho lolote, alijilisha kwa kazi ya mikono yake, hakutamani feza wala nguo za mtu. Mwalimu anayeaga hivi hana deni. Kwetu ni kusema: arudishe vitabu, aache pointi zote za wanafunzi, amalize deni lake la dukani. Kisha ndipo tuimbe.

2. Anawaachia wenyeji kazi

Paulo hakutafuta mgeni mwenzake wa kushika nafasi yake. Aliwaachia kundi wazee wale wale, akawaonya juu ya hatari zinazokuja. Tena hakuwadanganya kwamba atarudi karibuni. Aliwaambia wazi kwamba hawatamwona tena. Walilia, wakamsindikiza mpaka kwenye meli. Kulia si aibu. Kuahidi kile usichoweza kutimiza, ndiyo aibu.

3. Mfano wa karibu yetu

Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda. Alifika kufundisha Boga, katika Ituri ya leo, mwaka 1896. Mwanzoni alishitakiwa juu ya kifo cha dada ya chifu Tabaro, akafungwa. Lakini alirudi Boga. Baadaye alitumwa kufanya kazi Toro miaka mingi, akarudi tena Boga, akaingia mpaka porini kwa Wambuti. Alikufa pale pale Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe akielekea magharibi, upande wa pori, si upande wa kwao Buganda. Ile ilikuwa kwaheri yake: kazi iko mbele, iendelezeni. Na mwaka 1972 dayosisi ya kwanza ya Waanglikana katika inchi yetu ilipoanzishwa, iliitwa Boga-Zaïre.

Paulo alikwenda, Apolo alibaki. Lakini wote wawili waligeuza macho ya watu kwenye kazi, si kwenye mtu.

4. Na sisi wa Bweremana?

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akienda, mwenyeji asirudie ugonjwa! Kama kwaya inakufa mwezi moja baada ya mwalimu wake kuondoka, ao bustani ya shule inajaa majani, hatukuagana vizuri, hata kama tulilia sana. Na ninyi wa darasa la sita, kesho wengine mtafundisha Walikale, wengine ngambo ya mpaka. Anzeni kufikiri siku ya kuaga tangu siku ya kufika.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Juu ya nini Paulo aliwaita wazee wa Efeso, hakuwaandikia tu barua?
2. Mwalimu wetu akienda leo, nani anaweza kushika kazi yake? Kama hakuna, tufanye nini?
3. Anayebaki ana deni gani kwa yule aliyemfundisha?