Jua Haki Zako: Kazi ya Mtandaoni Ukiwa Nyumbani na Mtoto

Tuchukue mfano wa mama wa Chebunyo, kule Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, mwenye mtoto wa miezi minane. Amepata kazi ya kujibu maswali ya wateja wa kampuni moja ya Nairobi. Anaifanya akiwa nyumbani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Mkataba wake ni ujumbe wa WhatsApp unaomwambia siku ya kuanza na kiasi atakacholipwa mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili stima inapotea alasiri mbili, naye anakatwa mshahara. Mwezi wa tatu msimamizi anamsikia mtoto akilia kwenye simu, na jioni hiyo mama anaondolewa kwenye kikundi cha kazi bila kuelezwa lolote.

Je, ana haki? Anazo, tena nyingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimwachi mfanyakazi kwa sababu meza yake iko sebuleni.

Suala hili la kazi za mtandaoni linazidi kuwa zito huku kwetu. Mashine za kuchuma majani zimepunguza vibarua katika mashamba makubwa ya chai, na hasira ilifika hadi mashine kuchomwa Kericho mwezi Mei 2023. Akina mama ambao zamani wangefunga virago kwenda kuchuma sasa wanatafuta kazi za unukuzi, kuingiza data, kufundisha mtandaoni na huduma kwa wateja. Serikali yenyewe imekuwa ikiwahimiza vijana kuelekea huko kupitia mpango wa Ajira Digital tangu 2016, na mafunzo yake hayalipiwi. Basi anayekwenda huko aende akijua haki zake.

Anza na lisilokuwepo

Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mwajiri kukuruhusu ufanyie kazi nyumbani au ujipangie saa zako. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Wengi walisikia habari hiyo redioni wakadhani imekwisha kuwa sheria. Mswada si sheria, na ukiutegemea mbele ya mwajiri utaumbuka.

Kwa hiyo, unafuu wowote unaouhitaji kwa ajili ya mtoto uombe mapema na uandikwe kwenye mkataba: kazi itafanyiwa wapi, saa ngapi, nani analipia bando, nini kitafanyika stima ikipotea, na utamjulisha nani mtoto akiugua. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mkataba utaje mahali pa kazi, saa na malipo. Mwajiri akitaka kubadilisha masharti hayo, ni lazima ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Ikiwa mliandikiana kwamba kazi ni ya nyumbani, hawezi kuamka siku moja akakuamuru uripoti Nairobi Jumatatu.

Wewe ni mwajiriwa au unajitegemea?

Swali hili ndilo linaloamua karibu kila kitu. Makampuni mengi huwaandikia watu kwamba ni watoa huduma wa kujitegemea, kisha huwatumikisha kama waajiriwa. Mahakama haziishii kwenye jina lililo juu ya karatasi. Huangalia hali halisi: nani anapanga saa zako, nani anakusimamia, vifaa ni vya nani, unaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi hiyo, unaruhusiwa kuhudumia wateja wengine, na hasara ikitokea ni ya nani.

Yule mama wa mfano wetu amepangiwa saa, ana msimamizi na analipwa kila mwisho wa mwezi. Hizo ni dalili nzito za mwajiriwa. Makato nayo hutoa ushahidi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na mwajiri huongeza asilimia 1.5 nyingine kwa ushuru huo. Michango ya hazina ya uzeeni ya NSSF nayo hutoka kwenu nyote wawili. Ikiwa kampuni haikukati wala haikuchangii, uliza mapema inakuhesabu kuwa nani.

Kama kweli unajitegemea, unachukua kazi kwa wateja mbalimbali na kujipangia muda, basi likizo na mshahara wa ugonjwa havikuhusu. Utajilipia SHA mwenyewe na kuwasilisha ritani kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Lakini pesa unazodai bado ni deni. Mteja asipolipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60.

Haki za mwajiriwa aliye nyumbani

Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asipouandika hujapoteza chochote. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akakosa kuonyesha maandishi, yeye ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Hata anayeitwa kibarua, akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 kinamfungulia njia ya kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida.

Una haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ukijifungua, una miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yako au nyingine inayokufaa isiyo na masharti duni. Baba naye ana wiki mbili, na azitumie, kwa maana Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri wote kuwapa wanaonyonyesha muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Haikusema lazima mama awe ofisini. Ukiwa kwenye zamu Chebunyo, muda huo ni wako pia.

Na yale makato ya stima? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kimeorodhesha yanayoweza kukatwa kwenye mshahara, kwa mfano mali uliyoiharibu kwa makusudi au siku uliyokosa kazi bila ruhusa. Stima kupotea hakumo. Piga picha ya ujumbe wa kampuni ya umeme, mjulishe msimamizi papo hapo, na udai pesa zako.

Mtoto si kosa

Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kulea mtoto mdogo hakukutajwa kwa jina, lakini mwajiri anayewauliza wanawake peke yao kama wana watoto, kisha akawakataa kwa jibu hilo, anabagua kwa jinsia. Ukimshtaki, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kumfuta mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si haki kisheria. Kifungu cha 46 kimelisema hilo waziwazi. Hata kama sababu ni nyingine, kama vile kelele kwenye simu, ni lazima mwajiri akueleze kosa, akusikilize ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uliyemchagua, na awe na sababu halali. Kumwondoa mtu kwenye kikundi cha WhatsApp si utaratibu wa kumwachisha kazi. Mahakama ikiona umeonewa, inaweza kuagiza ulipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Kampuni ikiwa ng'ambo

Wengi hukata tamaa wakidhani kampuni ya nje haishtakiki. Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni nyingine, aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, mwaka 2022. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliikatalia. Kesi yake ilihusu kazi ya ofisini, na kuikamata kampuni isiyo na mtu wala mali hapa nchini bado ni kibarua kigumu, lakini mlango uko wazi. Na awe wa hapa au wa ng'ambo, anayekudai ada ili akupe kazi, au anayetaka picha ya kitambulisho na namba ya siri ya M-Pesa, huyo ni tapeli. Mripoti polisi.

Yaya naye ana haki

Ukimwajiri msichana akushikie mtoto wakati uko kwenye zamu, wewe nawe umekuwa mwajiri. Siku yake ya mapumziko, likizo ya siku 21, mshahara usiopungua kima cha chini na michango yake ya SHA na NSSF ni wajibu wako. Tusidai haki Nairobi huku tukimnyima aliye jikoni kwetu.

Ukionewa, fanya hivi

Mali bila daftari huisha bila habari. Hifadhi ujumbe wote, taarifa za M-Pesa na orodha ya zamu, na usiuze wala kufuta simu yenye mazungumzo hayo, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani. Mwandikie mwajiri ukieleza unachodai. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa afisa wa leba wa kaunti. Huduma yake ni bure, na ukiachishwa kazi isivyo haki uende kwake ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inapatikana Kericho, na aliyekuwa akilipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu wa cheo kinachoruhusiwa karibu na kwao. Kwa kawaida kesi ya ajira ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita.

Mama, usione haya kuomba mkataba. Anayekuhitaji kwa kazi ya haki hatakukimbia kwa sababu umeomba maandishi. Omba kabla ya zamu ya kwanza, usome kila mstari, na usipoelewa sharti fulani, usitie sahihi mpaka ueleweshwe.