Kausha Mahindi kwa Kuisoma Hewa

Umeanika tangu asubuhi, jua limewaka kutwa, na bado ukiing'ata punje inabonyea. Usililaumu jua. Kazi yake ni kuzipasha joto hewa na punje tu. Inayoyabeba maji kutoka kwenye punje ni hewa yenyewe, na hewa iliyoshiba mvuke haichukui kitu. Kwa hiyo kabla ya kutandaza turubai, iangalie hewa kwanza.

Njia ya haraka iko mfukoni. Fungua app ya hali ya hewa kwenye simu, tafuta palipoandikwa "Humidity". Hiyo ni asilimia ya mvuke uliopo, ukilinganisha na kiasi ambacho hewa ingeweza kubeba kwa joto la wakati huo. Chini ya 60, anika bila wasiwasi. Kati ya 60 na 70, kazi itakwenda polepole. Ikipita 70, mahindi yatagoma: kwa hewa ya namna hiyo hayashuki chini ya unyevu wa asilimia 13 au 14, hata yakae nje wiki nzima. Na kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya kuhifadhi ni 13.5, kisizidi.

Usisome namba ya asubuhi ukakata tamaa. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 20 na asilimia 100 ikipanda hadi nyuzi 30 mchana inabaki na kama asilimia 55, bila mvuke wowote kuondoka. Imepata nafasi tu, kwa sababu hewa ya moto hubeba zaidi. Ndiyo maana wanaotoa mahindi saa kumi na mbili asubuhi wanajisumbua. Wengine wanayarudishia maji kabisa.

Anika kuanzia saa tatu au saa nne, umande ukishakauka. Anua saa kumi jioni, hata kama jua bado lipo. Usiku hewa inapoa, asilimia inapanda, na punje zinanywa upya maji uliyoyatoa kwa jasho lako. Jihadhari hasa na usiku mweupe wenye nyota. Watu huona hakuna dalili ya mvua wakaacha mzigo nje. Bila mawingu ardhi hupoteza joto haraka, na hapo ndipo umande hushuka kwa wingi.

Huna simu ya intaneti? Tafuta vipimajoto viwili vinavyosoma sawa. Kimoja kivishe kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha, kisha vipepee vyote kivulini kwa dakika chache. Kilicholowa kitashuka, maana maji yanayotoka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Kikavu kikisoma nyuzi 30 na kilicholowa 22, hewa iko karibu asilimia 50: anika. Kilicholowa kikisoma 26, hewa imeshapita 70: acha kwanza.

Kuanika kwenyewe ni rahisi, ila watu wana haraka. Usimwage mahindi juu ya udongo. Ardhi nayo inatoa mvuke, na kuvu wanaotoa sumu wanaishi humo humo. Tumia turubai, mkeka au kichanja. Tandaza tabaka jembamba, sentimita 3 hadi 5. Geuza kila baada ya nusu saa au saa moja, kwani hewa iliyobanwa katikati ya punje hushiba upesi. Chagua penye upepo. Uwanja wenye upepo na jua la wastani unaweza kuushinda uwanja wa jua kali uliozungukwa na kuta.

Mawingu yakianza kurefuka kwenda juu mchana, weka turubai la pili karibu. Ukihisi upepo wa baridi wa ghafla, usisubiri tone. Hewa hiyo imepozwa na mvua inayonyesha jirani, na una dakika chache tu.

Kama mavuno yako huangukia kipindi cha mvua, kama ilivyo magharibi mwa Kenya na sehemu nyingi za Uganda, usikimbilie kupukuchua. Weka magunzi na punje zake kwenye ghala jembamba la fito, lenye paa, lililo wazi pembeni ili upepo upite. Subiri siku kavu ndipo upukuchue na kumalizia kuanika.

Sasa pima. Chukua chupa safi ya kioo, kavu kabisa. Jaza mahindi hadi theluthi moja. Ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15: rudi kuanika. Isiponata uko chini ya 15, lakini huenda bado hujafika 13.5, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua. Siri ni kwamba chumvi huanza kulowa hewa inapofika takriban asilimia 75. Mkaazi wa Tanga au Mombasa analijua hilo kutoka kwenye kikopo cha chumvi cha jikoni.

Wacha mahindi yapoe ndipo uyafunge. Yakifungwa ya moto, mvuke wake hugeuka maji usiku. Panga magunia juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Fungua madirisha ya ghala mchana mkavu tu, na uyafunge jioni. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ni mizuri sana dhidi ya wadudu, ila haikaushi. Ukiingiza mbichi, umefungia mbichi.

Na yale yaliyokwisha ota ukungu? Usiyaoshe, usiyachanganye na mazima, usiyapeleke mashineni. Mwaka 2004, baada ya mahindi kuvunwa kwenye mvua zisizo za msimu na kuhifadhiwa yangali na maji, watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sumukuvu. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Wala usimpe ng'ombe ukidhani umeokoa hasara, kwa sababu inapita kwenye maziwa na kurudi mezani kwako.