TUIJUE KAUNTI YETU: Makaburi ya Vita na Wapagazi Wasio na Majina

Mkazi wa Taita Taveta anayesafiri kutoka Voi kwenda Taveta hupita katikati ya uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mara nyingi bila kujua. Mnamo Agosti 1914 wanajeshi wa Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania wakauteka mji wa Taveta. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi ili kuwafuata, na kufikia katikati ya mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau. Njia ya reli hiyo ipo hadi leo.

Waliokufa wamelala kando ya njia hiyo. Voi na Taveta kuna makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na Maktau walizikwa askari wa Kihindi. Vita vinavyosimuliwa zaidi ni vya kilima cha Salaita, tarehe 12 Februari 1916. Kikosi cha Afrika Kusini, kilichokuwa kigeni katika nyika hii, kilishambulia Wajerumani kikarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Walioukinga mrudi wake walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao wenzao hao walikuwa wakiwadharau kwa sababu ya rangi yao.

Mtu akisoma majina kwenye mawe hayo huenda akajiuliza: wenyeji wako wapi?

Jibu liko katika namna vita vilivyoendeshwa. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota magari. Risasi, chakula na dawa vilibebwa kichwani, mzigo wa takribani kilo 25 kwa mtu mmoja, kwa mamia ya kilomita hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa, na machifu wakatakiwa kutoa vijana. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000. Ni wachache waliouawa kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri uliwaumiza hasa waliotoka sehemu ambazo sima haikuwa chakula chao. Mishahara ya wengi wao haikufika nyumbani.

Baada ya vita, tume ya makaburi ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, awe jenerali au askari wa kawaida. Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Iliamuliwa kwamba Waafrika wakumbukwe kwa pamoja, kwa sanamu. Ndiyo asili ya sanamu tatu za shaba zilizoko Kenyatta Avenue jijini Nairobi, mmoja wao akiwa mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini hakuna jina hata moja la mtu. Mombasa nayo ina mnara wake. Jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia uamuzi huo, ikaomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Kwa hiyo majina mengi yamebaki katika vinywa vya wazee, na wazee waliosikia habari hizi kutoka kwa baba zao wanazidi kupungua. Familia yenye simulizi kama hiyo iiandike mapema: jina la babu na la ukoo wake, kijiji alikochukuliwa, nani alikuja kumchukua, na kama alirudi. Walimu wa historia wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo. Medali, kibati chenye namba au karatasi ya zamani iliyo kwenye sanduku la nyanya isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla haijapigwa picha na namba zake kunakiliwa. Namba hiyo yaweza kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulipata jina la mtu.